Mumbere na Deuxième Session ya Informatique

Banc yetu iko ku kona moja ya Nyakasanza, hapa Bunia, pale njia ya vumbi inaacha barabara kubwa na kupanda kwenda Bigo. Ni ubao moja murefu juu ya matofali. Pembeni kuko meza ya Mama Mireille, na thermos zake za kahawa na beseni ya mandazi. Nyuma kuko machine yangu ya kushona, juu miye niko couturier, na maneno yote ya ile banc inapitia masikio yangu mbele ya kufika barabarani. Kila siku nyuma ya midi, saa sita ikipita, utamukuta Papa Alphonse. Tunamuitaka Préfet, juu alifundishaka primaire miaka mingi na anasahihishaka Kifaransa ya kila mutu, ata ya bapolisi. Pembeni yake anaikala Rachidi, jina yake ya banc ni Kilo. Alichimbaka dhahabu Mongbwalu, akarudi na mugongo ya kuumwa na jibu ya kila swali. Ile siku ninataka kueleza, mutu wa tatu alikuwa Mumbere. Alikuja na syllabus, ile kitabu ya cours, ndani ya sachet, akaikumbatia kama mutu mwenye kubeba samaki mbele ya paka.

Mumbere haiko mutu wa kuikala kijiweni. Ni mutu wa chorale, wa kuimba kanisani, anauzishaka ku quincaillerie, duka ya misumari na mabati, na usiku anarudiaka kwake. Yeye na Kaswera, bibi yake wa ndoa, balitoka Butembo na batoto, bakalala kwanza ku salon ya ndugu yao kule Shari, kisha bakapata nyumba Bigo. Siku moja bakapatana: bote wawili bajiandikishe ku institut moja ya jioni, basomee informatique de gestion, mambo ya kompyuta ya biashara, bamalize pamoja, kisha bafungule depot yao. Mwaka ya kwanza ikaisha. Kaswera akapita cours yote. Mumbere akapita yote isipokuwa moja, ile ya kueleza namna gani informatique inatumika ndani ya ba entreprises, ma kampuni. Deuxième session, ile examen ya kurudilia, ilikuwa kesho ya ile siku ya banc, asubui. Akianguka, anarudilia mwaka, na bibi anaendelea peke yake.

— Munisaidie, Mumbere akasema. Kichwa yangu imefunga.

— Fungula karatasi, Préfet akamujibu. Weye soma Kifaransa, miye nitageuza ku Kiswahili. Nilikuwa nafundisha mbele weye uzaliwe.

Mama Mireille alikuwa anamimina kahawa. Akasimamisha mukono.

— Papa Dorcas, juu ya nini hauulizi Mama Dorcas? Si yeye alipita ile cours na points mingi?

Dorcas ni mutoto wao wa kwanza, njo vile tunabaita. Mumbere akaangalia viatu yake.

— Alipata seize, kumi na sita juu ya makumi mbili, Mama Mireille. Miye nilipata six, sita tu. Siku matokeo ilitoka, hakunicheka. Hakusema kitu. Alipika tu, akaniwekea kipande ya nyama kubwa kupita ya batoto yote. Ile nyama ilinikwama hapa. Tangu ile siku hatuzungumzie masomo. Nikimuuliza, nitakuwa kama mutoto mwengine ndani ya nyumba.

— Na leo umemuambia unaenda wapi?

— Ku répétition ya chorale, kuzoeza nyimbo.

— Mutu wa chorale anadanganya juu ya chorale, Kilo akasema. Mambo ya informatique iko nguvu. Soma!

Mumbere akalowesha kidole, akasoma:

— «Le système d'information collecte, traite et diffuse l'information.»

Préfet akafunga macho kama mutu anaonja mboga.

— Système d'information inakusanya information, inaitraiter, kisha inaieneza.

— Inaitraiter namna gani? Kilo akauliza. Kama docteur anatraiter mugonjwa? Information inagonjwaka?

— Ikiwa ya uongo, inagonjwa.

— Basi ni radio.

— Radio haitraiter. Radio inasema tu.

— Préfet, ngoja nikuambie. Mongbwalu, mutu akipata dhahabu ndani ya shimo, mbele atoke inje, bamama ba kuuzisha mandazi bashajua. Mbele afike kwake, ndugu za bibi yake bashafika. Nani alikusanya? Nani alieneza? Système d'information ni bamama ba mandazi.

— Miye ninauzisha mandazi, Mama Mireille akasema. Sijajua kama niko système.

Mumbere akaandika pembeni ya karatasi: radio. Akaikata. Akaandika: bamama. Akaweka alama ya kuuliza.

— Endelea, Préfet akasema.

— «Le client envoie une requête au serveur, et le serveur lui répond.»

— Ile ni rahisi! Client anatuma maombi kwa serveur, na serveur anamujibu.

— Ni restaurant, Kilo akasema.

— Ni informatique, Kilo.

— Ni restaurant! Client anaingia, anaita serveur: unilete sombe. Serveur anajibu: imeisha. Kuko nini ingine pale?

Mumbere akageuza page, uso yake ikaanza kupata mwangaza.

— Hapa banaandika: «Quand les clients sont trop nombreux, le serveur est saturé.»

— Unaona? Bateja bakikuwa mingi, serveur anachoka. Siku ya ndoa, nenda uangalie.

— Lakini juu ya nini banatufundisha restaurant? Mumbere akauliza. Siye tunasomea gestion.

Préfet akakohoa. Yeye hakubalake kukosa jibu.

— Ni juu entreprise yote inakulaka, akasema. Andika.

Mumbere akaandika. Miye nilikuwa nashona kola ya shemishi, na nikaona nimeishona ku mukono ya ile shemishi. Nikaiacha vile, juu nilitaka kusikia.

— Sasa nuage, Mumbere akasema. Njo iliniangusha première session. «Les données de l'entreprise sont conservées dans le nuage.»

— Données ni mambo ya entreprise: majina, hesabu, marchandise. Nuage ni wingu. Mambo yote ya entreprise inawekwa ndani ya wingu.

Sisi wote tukaangalia juu. Ile saa kulikuwa mawingu mbili tu upande wa kiwanja ya ndege, nyembamba sana.

— Nani anaipandishaka kule? Mama Mireille akauliza.

— Ndege, Kilo akajibu mbio. Munafikiri ile ma avion inabebaka batu tu?

— Na mvua ikinyesha?

— Njo pale! Mama Mireille, umeshika neno yenyewe. Mvua ikianza Bunia, réseau inakimbia, si vile? Unapiga simu, hakuna. Unatuma message, haiende. Juu ya nini? Juu wingu inateremuka na mambo ya batu ndani yake. Ile maji yote inapita ku mifereji ya caniveau ni majina na hesabu ya ba entreprises. Njo maana Kampala bako mbele yetu, kwao hainyeshe kama huku.

— Inanyesha sana Kampala, Préfet akasema.

— Basi banaikingaka na beseni.

Mumbere alikuwa anaandika. Nikamuona anaandika «beseni», nikataka kumukamata mukono, lakini miye niko couturier, nani atanisikiliza?

Akageuza page tena. Hapa sauti yake ikashuka.

— Kuko mémoire mbili. «Mémoire vive» na «mémoire morte».

— Ukumbusho muzima, na ukumbusho... na ukumbusho yenye ilikufa, Préfet akageuza.

Hakuna mutu alicheka. Ata Kilo. Pikipiki mbili zikapita, vumbi ikaanguka juu ya banc.

— Ile ya kufa, banaandika inafanya nini? Mama Mireille akauliza pole.

— Banaandika inabakia, ata ukizima machine. Ile nzima, ukizima, inapotea.

— Ile ya kufa njo inabakia?

— Njo vile banaandika, mama.

Mama Mireille akageuka kupanga vikombe vyake. Alikuwa na mugongo kwetu.

— Yangu ya kufa iko mingi, akasema.

Kilo akapiga mukono ku goti, kama vile alitaka kutuondosha pale.

— Soma ya mwisho, Mumbere. Kahawa inapoa.

— «L'entreprise virtuelle». Banasema ni entreprise yenye haina nyumba. Batumishi yake habaonanake. Kila mutu iko kwake, lakini kazi inaendelea.

— Batumishi habaonanake? Na patron?

— Ata patron.

— Ile haiko entreprise, Kilo akasema. Ile ni mizimu. Kule Mongbwalu kulikuwa shimo moja, usiku tulisikia batu banachimba, asubui tunaenda, hakuna mutu, lakini shimo imeongezeka. Tulikimbia. Kumbe ilikuwa entreprise virtuelle! Na siye tulikimbia kazi!

— Miye ninaijua, Préfet akasema na huzuni. Nilifundishaka ku masomo ya État, ya serikali. Patron sikumuonaka. Mushahara pia ilikuwa virtuelle.

Pale Mumbere akafunga syllabus. Aliifunga na mikono mbili, akaikalia.

— Nilikuja hapa na mambo tatu ndani ya kichwa, akasema. Sasa iko imejaa, na hakuna ata moja ninajua. Kesho nitaandika nini? Serveur anapeleka sombe ku mizimu, juu ya wingu?

— Inaweza kuwa vile, Kilo akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu tena.

— Munisamehe, ba papa. Hamuna makosa. Ni miye. Miye niko mujinga ya nyumba yangu. Kaswera ataenda mbele, nami nitabakia na batoto ba jana, benye bananiitaka «papa» ndani ya classe. Tulisema tutamaliza pamoja. Pamoja ilikuwa neno yangu, si yake. Miye njo nilisema.

Ile saa Kaswera mwenyewe akatokea upande wa soko, beseni tupu ku kichwa, unga alishaimaliza kuuzisha. Mumbere akataka kuondoka, lakini Mama Mireille alikuwa ashaita:

— Mama Dorcas! Kuya huku!

— Mama Mireille, ninakulomba, Mumbere akasema chini chini.

— Hapana. Tumesikia ya kutosha. Mama Dorcas, kuya!

Kaswera akavuka njia. Akatusalimia mumoja mumoja, Préfet kwanza, na heshima yote. Kisha akamuangalia bwana yake.

— Répétition imeisha?

Mumbere akakaza kuikalia syllabus.

— Tulikuwa tunaanza na sala, Préfet akasema.

Kaswera akashusha beseni. Macho yake ikaona kona ya karatasi inatoka chini ya Mumbere.

— Ile si syllabus yetu? Nimeitafuta nyumba nzima mbele nishuke soko, nimeinua ata matandiko ya batoto.

— Ulikuwa unaitafuta ya nini? Mumbere akauliza. Weye si ulipita?

Kaswera akakung'uta vumbi ya unga ndani ya beseni. Kilo akaingia kati:

— Mama Dorcas, siye tumechoka. Tuambie tu weye mwenye ulipata seize. Serveur ni nini?

Kaswera akasimama wima kama siku ya kuimba mbele ya kanisa. Akasema yote kwa mara moja, bila kupumua:

— «Le serveur est un dispositif informatique, matériel ou logiciel, qui offre des services à différents clients, point.»

— Magnifique! Préfet akapiga makofi. Hakuna kosa ata moja, ata point ya mwisho ameisema! Mumbere, bibi yako ni dictionnaire.

— Ni muzuri, Kilo akasema. Na kwa Kiswahili?

Kaswera akakaza kitenge yake ku kiuno, ata kama haikuwa imelegea.

— Ni... dispositif.

— Dispositif ni nini?

— Ni kitu.

— Kitu gani?

— Kilo, weye muache, Mama Mireille akasema.

Lakini Kaswera alikuwa ashaikala ku mwisho ya banc, mikono ndani ya mapaja.

— Sijue, akasema.

— Nini? Mumbere akauliza.

— Sijue, Papa Dorcas. Sijue serveur, sijue nuage, sijue kitu. Niliishika yote ku kichwa, page kwa page, kama zaburi. Nilikuwa nairudilia nikifua, nikikoroga bugali. Siku ya examen nikatapika yote ku karatasi, na virgule zake. Kesho yake ilikuwa imetoka ku kichwa. Ile seize ni ya kasuku.

Mumbere alimuangalia kama vile anamuona mara ya kwanza.

— Njo maana ulikuwa unanyamaza?

— Nilikuwa naogopa utaniuliza. Kila jioni nilikuwa naona unafungula mudomo, nasema: leo ananiuliza, leo atajua. Njo nikakuwekea nyama, ukule, usiseme kitu.

— Miye nilifikiri ni nyama ya kunihurumia.

— Ilikuwa ya woga.

Akaanza kucheka, Mumbere. Alianza pole, na mabega, kisha akacheka mpaka akavuta syllabus chini yake, akafunika uso nayo. Kaswera akamupiga ku mukono, kisha na yeye akashindwa. Siye tukaangalia barabarani, kama batu benye adabu.

— Na leo, ulikuwa unaitafuta ya nini? Mumbere akauliza kisha, macho ikiwa na maji.

— Nilikuwa nataka nijaribu kuelewa mbele urudi. Ata page moja. Nikusaidie bila kudanganya.

Mumbere akasogea, akamupa nafasi katikati ya banc. Préfet akanyanyuka akabadilisha upande, Kilo akabakia amesimama. Bakaweka syllabus juu ya mapaja yao, nusu kwake, nusu kwake.

— Tuache wingu kwanza, Kaswera akasema. Ku quincaillerie yenu, patron anajuaka namna gani kama misumari imeisha?

— Miye ninamuambia.

— Na weye unajuaka namna gani?

— Ninaangalia ku étagère, pale tunaipangaka. Ao muteja ananiuliza, nakosa ya kumupa.

— Na patron akijua, anafanya nini?

— Anatuma balete ingine.

— Na usipomuambia?

Mumbere akafikiri.

— Anabakia anafikiri iko. Muteja anarudi mara mbili, mara tatu, kisha anaenda kwa mwengine. Na patron hatajua juu ya nini bateja banapungua.

Bakaangaliana. Kilo akataka kusema neno, Mama Mireille akamunyooshea kidole. Hatukujua kama ile ilikuwa ndani ya syllabus ao hapana. Bale wawili pia habakujua. Lakini sauti yao ilibadilika. Ilikuwa sauti ya batu banabishana juu ya kitu yao. Mama Mireille akapindua thermos, ikatoa matone mbili na masalio. Kahawa ilikuwa imeisha, na hakuna mutu aliuliza ingine. Kisha bakapanda njia ya Bigo, Mumbere na beseni ku kichwa, Kaswera na syllabus, bado banabishana, mpaka batu bakatoka ku nyumba, ku ma lupango yao, kuangalia kama ni ugomvi.

Kesho yake Mumbere akapita kwetu, akitoka examen. Shemishi yake ilikuwa imelowa mugongoni.

— Ilikuwa namna gani? tukamuuliza.

— Nimeandika.

— Umeandika nini?

— Mengine sijue. Nimeweka tu. Lakini ile question ya pili, Papa Préfet, ilikuwa kama ile maneno ya misumari, niliielewa. Niliielewa mpaka nikaogopa. Nilifikiri labda bamekosea kunipa karatasi ya mutu mwengine.

Matokeo ikatoka. Alipata onze, kumi na moja. Haiko points ya kuimbia, lakini ni ya kupita, na Kaswera alikuja mwenyewe kutuambia, akanunua mandazi yote ya beseni ya Mama Mireille kwenda nayo kwa batoto. Préfet akasema ni kazi yake. Kilo akasema ni yake. Tangu ile siku bote wawili banakuyaka ku banc kila Jumapili, siku ya Mungu, nyuma ya misa, na batu ba Nyakasanza bakaanza kubaita bainformaticien, batu ba kompyuta.

Jina ile njo ilileta Masœur Léonie. Ni mutawa mugeni, alikuwa hajamaliza ata mwezi hapa Bunia. Alisimama mbele ya banc na sacoche nyeusi, akatusalimia, akauliza:

— Banasema huku kuko bainformaticien. Ni banani?

Siye wote tukanyoosha vidole, na majivuno. Mumbere na Kaswera bakasimama.

Masœur akafungula sacoche, akatosha inje ordinateur ndogo, kompyuta ya kubeba, ya kijivu, safi kabisa, akaiweka juu ya machine yangu ya kushona.

— Balitutumia zawadi ku communauté. Mimi sijasomaka ile. Munioneshe kitu moja tu, nisibasumbue. Inawakishiwaka wapi?

Hapa ni lazima niseme jambo moja, juu Masœur hakulijua, na siye pia ile siku njo tulilijua. Kule ku institut yao kuko salle, chumba ya ba ordinateurs, lakini mwaka nzima ilikuwa imefungwa na cadenas. Mwalimu alikuwa anachora clavier, vibonye vya kuandikia, ku ubao na craie, na banafunzi banagusa na macho.

Mumbere akaangalia Kaswera. Kaswera akaangalia Mumbere. Préfet akavaa lunettes ku macho, akasogea, akaona maandishi iko Kiingereza, akazitosha tena. Kilo, kwa mara ya kwanza tangu nimujue, akasema iko na mutu anamungojea, akaenda.

— Tutaona, Masœur, Mumbere akasema. Ngoja kidogo.

Bakainama bote wawili, vichwa vyao vinagusana. Mumbere akainua ile machine, akaangalia chini yake. Kaswera akapitisha kidole pembeni, pole pole, kama mutu anatafuta mwiba ndani ya muguu ya mutoto.

— Hapa kuko kitu, akasema. Gusa.

Mumbere akagusa. Tukangojea. Haikuwaka.

— Gusa tena, Kaswera akamuambia. Na uache kidole pale pale.